142857 na Shamba Langu la Karanga

Jumatatu, 9 Septemba

Nimegundua kitu! Nilikuwa nagawanya bido moja, dumu zima la mafuta ya mawese, kwa nyumba saba. Nikabonyeza kwenye simu: moja gawanya kwa saba. Ikatoka sifuri, kisha 142857, halafu tena 142857. Nikaizidisha mara mbili: 285714. Tarakimu zile zile! Mara tatu: 428571. Mara nne, tano, sita, bado zile zile, zinafuatana kwa mviringo, ila inatangulia nyingine. Nikamwonyesha mwanangu Elsa. Akacheka. Ana miezi minne lakini iko na akili.

Jumanne, 10 Septemba

Sombe, majani yangu ya muhogo, imeungua jikoni kwa ajili ya hesabu. Si kitu. Mpango iko!

Sisi wamama sita wa kanisa tunalimiana kwa zamu, shamba moja kila juma. Mama Jeannette, mkubwa wetu, anaanza siku zote na lake. Mwaka jana nilikuwa wa mwisho, nikapanda nimechelewa, nikavuna maganda matupu. Sasa mume wangu Musafiri iko Lusangi anachimba dhahabu, mtoto iko mgongoni. Nikiwa wa mwisho tena, karanga hakuna.

Basi: kila mama tarakimu moja, na zamu inafuata namba itakavyotoka. Mama Jeannette achague izidishwe mara ngapi. Atasema tatu! Makofi anapiga matatu, chumvi anatia vidole vitatu, yote kwa Utatu Mtakatifu. Inatoka 428571. Mimi nachukua 4, niko mbele. Yeye nampa 1, mkiani. Bwana anisamehe.

Jumamosi, 14 Septemba

Mama Jeannette alimletea Elsa kofia ya kufuma. Nilisikia aibu, labda dakika tano. Lakini alibisha mlango mara tatu. Safi!

Jumapili, 15 Septemba

Baada ya ibada nikawaeleza wamama. Wakafurahi. Mama Dorothée akasema simu yangu imeokoka. Mama Jeannette akafunga macho achague. Moyo wangu!

“Saba,” akasema. “Si pasta amehubiri siku saba za uumbaji?”

Saba sikuijaribu! Nikabonyeza. 999999. Hakuna mama mwenye tisa! Mama Dorothée akauliza huyu Mama Tisa ni nani, mbona anataka mashamba yote sita peke yake. Wakacheka mpaka pasta akachungulia. Elsa akalia. Mama Jeannette akampakata, akamtazama sana.

“Mwenye mtoto mdogo aanze,” akasema. “Langu lingojee.”

Jumanne, 17 Septemba

Shamba langu limelimwa lote! Karanga ziko udongoni, na mvua imenyesha jioni hii. Mama Dorothée anasema nishukuru huruma ya Mama Jeannette. Huruma gani? Ni namba! Bila 142857 nani angeanza na mimi?

Sasa inakuja zamu ya kupalilia. Nimepata namba kubwa zaidi: 12345679, bila nane. Izidishe mara tisa: 111111111. Moja tupu! Safari hii mimi nachukua 1. Inabaki tu Mama Jeannette aseme tisa.

Atasema. Si ni tatu mara tatu?