Sanduku la Mhispania

Jumatatu, 5 Mei 1823
Nimetia jiwe langu la kuagulia kofiani, nikazamisha uso. Giza tupu na harufu ya nywele zangu. Nikamwambia mkulima Obadia Thrall naliona sanduku la dhahabu chini ya kilima chake, linalindwa na mzimu wa Mhispania aliyechinjwa. Shimo lizungushiwe damu ya kondoo mweusi. Nyama? Ya mwaguzi, bila shaka. Thrall akasema lisipopatikana atanipeleka kwa hakimu. Mwaguzi wa mwisho kufikishwa kule alichapwa viboko hadharani.

Jumanne, 6 Mei
Mbona naogopa? Sheria ya hazina kila mtu anaijua: mchimbaji akisema neno, sanduku linazama. Na hajazaliwa mchimbaji wa kufunga mdomo. Lawama zitakuwa za atakayeropoka, mimi naenda zangu na paja la kondoo. Bi Kezia Fitch, yule mtafuta maji kwa kijiti, amepita akicheka. Eti pale hamna hata maji. Wivu tu!

Alhamisi, 8 Mei
Balaa! Thrall na wanawe wawili wamejaza midomo mabonge ya sukari ya utomvu wa miti, wasiweze kusema. Wamechimba tangu alfajiri, kimya kama maji mtungini. Nimemkanyaga mkubwa kidole. Kimya. Nimemtia mdogo sisimizi shingoni. Machozi tu.

Kisha sururu ikagonga mbao. Wakafuta udongo. Kifuniko! Mhispania nilimtunga mwenyewe, jikoni kwangu, nikimenya viazi! Nikapiga ukelele: "Mama yangu, anatoka!"

Wote wakanigeukia. Thrall akatema sukari.

"Umesema wewe."

"Basi limezama," nikajibu.

Tulikuwa tumesimama juu ya kifuniko. Wakakifunua. Kisima cha zamani, kikavu. Bi Kezia alikuwa anajua, mchawi yule!

Jumamosi, 10 Mei
Jela. Kwa hakimu ni Jumatatu. Nimelia, sioni haya kusema. Mgongo wangu ni mwembamba, hauna nyama ya kupokea viboko. Naapa sitaagua tena maishani.

Mchana mke wa mlinzi kaniletea uji wa mahindi, kanuna. Kijiko chake cha fedha kimepotea, hajui kiko wapi. Nimemhurumia sana. Jiwe langu wamelichukua, lakini sakafu ya humu ina kokoto nzuri. Nimemwomba aniazime kofia ya mumewe.