Shuka la Maji ya Bahari

Jumatatu, 3 Machi
Joto! Mke wangu anashona gauni la mpwa wake, arusi ni Jumamosi ya wiki ijayo, na chumba chake cha kushonea kinachemka. Jasho linamtiririka, wala halalamiki. Hilo ndilo linaloniumiza. Angelalamika ningenuna, tukawa sawa.

Nimepata wazo. Shuka bichi mbele ya feni! Maji ya bomba ni ya mgao, lakini bahari iko hatua mia mbili na haina mgao. Nimebeba ndoo mbili. Akaniuliza nafanya nini tena. Nikamwambia atulie, ameolewa na mtu mwenye akili. Akacheka. Miaka thelathini na moja, na nikiuona ule mwanya wake bado nasahau nilichokuwa nasema.

Jumanne, 4 Machi
Ushindi! Chumba baridi. Halafu nimegundua jambo: shuka la maji ya bahari halikauki! Limetundikwa tangu jana, bado bichi. Wataalamu wamelala.

Nimeongeza wema. Cherehani yake, aliyoachiwa na marehemu mama yake, ilikuwa na skrubu mbili zilizochoka. Nimetia za shaba, zinang'aa. Sikumwita shemeji, kaka yake, fundi wa injini za mashua pale gatini. Huyo hudhani kila chuma duniani kilizaliwa mikononi mwake.

Jumatatu, 10 Machi
Balaa. Cherehani imegoma. Gurudumu halizunguki. Juu unga mweupe wa chumvi, chini kutu, na kuzunguka skrubu zangu chuma kimemomonyoka kama biskuti.

Mke wangu amekaa kwenye mkeka, anashona kwa mkono. Amejichoma kidole mara tatu. Mashine ile ndiyo aliyofundishiwa kushona, akiwa amepakatwa na mama yake. Nikasema pengine ni uzee wa mashine. Nikasema hivyo huku shuka linanidondokea mgongoni. Aibu yangu!

Jumanne, 11 Machi
Mficha uchi hazai. Nimekwenda gatini. Shemeji alicheka mpaka akakalia injini ya mteja. Akasema chumvi huvuta unyevu. Shuka halikukauka, na chuma nacho hakikukauka, kutu ikala ilivyotaka. Kumbe ugunduzi wangu kila mtu gatini anaujua!

Kuhusu skrubu akashika kichwa. Shaba na chuma vikigusana kwenye maji ya chumvi, chuma ndicho kinacholiwa. Kwa hiyo mashua hufungwa kipande cha zinki: zinki inaliwa, chuma kinapona. Akanionyesha kimoja, kimetafunwa, kimebaki kama sabuni inayokwisha. Nikakitazama nikamwona mke wangu na miaka yote aliyolipia mawazo yangu. Machozi yakanilenga. Nikamwambia shemeji ni mafuta ya taa.

Ijumaa, 14 Machi
Inazunguka! Shemeji ameifungua yote, ameisuuza kwa maji ya bomba, ameikausha, ameitia mafuta, na skrubu za chuma. Siku tatu nzima, na maneno ya kejeli kwa kila nati.

Nikaungama kwa mke wangu. Akasema alijua tangu siku ya pili kuwa ni maji ya bahari. Akilamba midomo anaonja chumvi. Nikamuuliza mbona hakulitoa shuka. Akasema nilikuwa nakuja mlangoni kila baada ya dakika kumi kumuuliza kama anasikia baridi, na hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo tangu mama yake afe. Nikakishika kile kidole chenye plasta, nikakibusu. Gauni limekwisha saa kumi alasiri.

Jumapili, 16 Machi
Arusi imefana. Bibi arusi alimeremeta, na mke wangu alicheza mpaka akavua viatu. Nampenda mwanamke huyu. Nataka cherehani yake idumu miaka thelathini na moja mingine.

Nimemwomba shemeji kipande cha zinki. Amenipa bila kuuliza, huenda amechoka. Akanionya kwamba zinki hailindi chochote ikiwa kavu, mpaka iwe majini pamoja na chuma, na maji yenyewe yawe ya chumvi.

Nimeelewa. Nimepima miguu ya cherehani: inaenea vizuri kwenye beseni la kufulia. Kesho alfajiri nakwenda baharini, kabla hajaamka. Ndoo nne.