Mtihani wa Kugusa

Wananchi wa Wilaya ya Mpanda, mlioko mjini na mlioko mashambani, mnatangaziwa kwamba kuanzia mwezi wa tisa mwaka 1997 ujinga umepigwa marufuku katika wodi zetu.

Tangazo hilo niliandika mimi mwenyewe, Severini Sikujua, Katibu wa Hospitali. Nililibandika kwenye mlango wa famasi, juu ya tangazo jingine lililosema dawa zimekwisha. Chini yake nikaeleza kwamba hospitali inaanzisha Mafunzo ya Uzamili ya Tiba ya Wodini kwa Matabibu na Wauguzi, ya mwaka mmoja, na kwamba Mratibu wa mafunzo hayo ni mimi.

Sababu ya mafunzo ilikuwa ya kweli. Daktari wetu, Dokta Eustace, alikuwa mmoja tu, na wiki mbili kati ya nne alikuwa Sumbawanga kwenye semina. Akiwa hayupo, wodi ilishikwa na watu wawili: Tabibu Ndaki, Msukuma mrefu mpole ambaye baba yake alihamia Kabungu na ng'ombe wake, na Sista Specioza, muuguzi kutoka Mamba. Walikuwa wameishika wodi hiyo kwa miaka kumi na moja. Niliona ni aibu watu kufanya kazi miaka yote hiyo bila kufundishwa namna ya kuifanya.

Elimu yangu ya tiba nitaitaja bila kuficha. Nina cheti cha kupiga taipu cha Tabora, na nikiwa mtoto niliwahi kuugua surua.

Niliwaita wote wawili ofisini wajaze fomu za kujiunga. Ndaki aliisoma yake hadi chini.

"Mzee Katibu, huu uzamili ndiyo kuzamia?"

"Ni kuzama ndani ya elimu, Tabibu."

"Haya. Bora tusizame na wagonjwa."

Specioza hakutania. Kwenye nafasi ya sababu za kujiunga aliandika kwamba dada yake alifia kitanda cha tatu, wodi ya wanawake, mvua za mwaka tisini na tatu. Mipira ya kuwekea damu ilikuwepo na ndugu wa kutoa damu walikuwepo, ila daktari alikuwa safarini na hakuna aliyekuwa na ruhusa ya kuagiza aongezwe damu. Specioza alikuwa amesimama pale pale, amevaa sare. Alitaka apate cheti kitakachomruhusu kuagiza.

Nilisoma maelezo hayo mara mbili. Kisha kwenye rejista nikaandika: *Sababu za kifamilia.*

Kanuni za mafunzo nilizitunga kwa siku tatu, chai pembeni, sukari vijiko vitano. Ziliendelea hadi Kanuni ya 31. Iliyo kuu ilikuwa ya 14: *Mwanafunzi hatamgusa mgonjwa kabla ya kufaulu Mtihani wa Kugusa.*

"Sasa wagonjwa nani atawagusa?" akauliza Ndaki.

"Mkufunzi."

"Mkufunzi nani?"

"Dokta Eustace."

"Yuko Sumbawanga."

"Basi wagonjwa wavumilie mchakato."

Specioza alinitazama kama mtu anayetazama kidonda chenye funza. Nikaona nilegeze. Nikatamka kwamba kuanzia asubuhi mpaka saa nane mchana wao ni wanafunzi, na hawagusi. Saa nane ikigonga wanarudi kuwa watumishi wa kawaida, na wanaruhusiwa kugusa walivyogusa siku zote. Nilijisifu kwa hekima hiyo.

Wagonjwa walituelewa haraka kuliko nilivyotarajia. Watu wa Kabungu walianza kuugua mchana. Ukipita getini saa saba na nusu unakuta mikokoteni imepangwa, watu wamekaa kimya wakiangalia saa ya mlinzi. Mama mmoja mwenye pumu alifika saa nne asubuhi, na Specioza akamtibu. Nilipomwita ajieleze alisema saa yake inakimbia. Nilimwandikia onyo, na pia barua ya kumtaka aipeleke saa kwa fundi.

Januari ukafika wakati wa mtihani. Hapo palikuwa na tatizo dogo: mtahiniwa hawezi kumgusa mgonjwa kabla hajafaulu, na hawezi kufaulu bila kumgusa mgonjwa. Nililitatua kwa kutumia mgonjwa wa mfano, yaani mtu mzima wa afya anayejifanya anaumwa. Mtu wa kuaminika kwa kazi hiyo nilikuwa mimi. Msahihishaji naye nilikuwa mimi, maana Dokta Eustace alitia saini mwongozo wa majibu bila kuusoma, akaondoka. Mwongozo ulisema: *Vidonda vya tumbo.*

Nyumbani Ilembo nilifanya mazoezi ya kugumia mbele ya mke wangu, Romana. Alinisikiliza akipepeta mchele.

"Umekuwa ukigumia hivyo usingizini tangu Novemba," alisema. "Nenda hospitali."

"Ninafanya kazi hospitali."

"Ndiyo maana nakuhurumia."

Siku ya mtihani nililala kitandani nimevaa suruali na tai, karatasi ya maksi kifuani, kalamu mkononi, jagi la maji pembeni. Niligumia vizuri. Nikaonyesha tumbo. Ndaki akalibonyeza, akaniuliza kuhusu chakula na maumivu, nami nikawa nampa maksi huku nagumia. Mambo yalikwenda kwa utaratibu mpaka nilipoomba ruhusa ya kwenda kukojoa kwa mara ya tatu.

Niliporudi, Specioza alikuwa analitazama jagi. Lilikuwa tupu.

"Mzee Katibu, unakojoa mara ngapi kwa siku?"

"Swali hilo halimo kwenye mwongozo, Sista."

"Mgonjwa hana mwongozo. Mkanda huo umeutoboa mwenyewe?"

Nilikuwa nimeutoboa matundu mapya matatu, kwa msumari. Ofisini nilisema ni uzito wa majukumu. Kabla sijajibu Ndaki alikuwa amenivua kiatu na soksi. Kwenye kidole gumba palikuwa na kidonda.

"Ni kiatu kipya," nikasema.

"Kiatu hiki umekivaa Krismasi, Mzee. Nilikuona kanisani."

Wakaniomba mkojo. Specioza akadondosha matone machache kwenye kichupa chenye dawa ya bluu, akakishika juu ya moto wa spiriti. Bluu ikawa kijani, kijani kikawa manjano, kisha ikasimama kwenye wekundu wa tofali lililoiva. Alikiinua mbele ya uso wangu, akasubiri.

Lazima niseme ukweli hapa, ijapokuwa haumo kwenye faili. Nilijua. Nilijua tangu nilipoona sisimizi wamejipanga kwenye sakafu ya choo chetu, na Romana akawamwagia maji bila kuniangalia usoni. Baba yangu alikatwa mguu kwa ugonjwa huo, na baada ya mguu hakukaa mwezi. Nikatazama kile kichupa, nikafanya jambo pekee nililosomea. Nikaandika.

*Watahiniwa wametaja kisukari. Jibu sahihi ni vidonda vya tumbo. Wamefeli. Warudie baada ya miezi sita.*

"Katibu," alisema Specioza taratibu, "tufelishe ukitaka. Ila anza dawa leo."

"Rufaa zote ziletwe kwa maandishi," nikajibu, nikavaa soksi.

Siku zilizofuata mvua ilinyesha kama imelipwa. Daraja la njia ya Sumbawanga likakatika, Dokta Eustace akakwama njiani na gari la hospitali. Mimi nilikuwa natapika. Jumatatu, saa tatu asubuhi, niliitisha mkutano wa watumishi wote uani, ili niwakumbushe Kanuni ya 14.

Yaliyofuata nimesimuliwa. Inasemekana nilikuwa nahema kama niliyekimbizwa na nyati. Inasemekana nilisema "mwanafunzi hatamgusa" mara nne, kisha nikaanguka mbele yao, na kwa muda mfupi hakuna aliyenigusa.

"Ni saa tatu," alisema Ndaki. "Nyie, mpaka saa nane atakuwa amekufa huyu."

"Shika miguu," alisema Specioza.

Walinibeba wodini. Matroni Marsela, mkuu wa wauguzi, mama wa heshima anayeogopa karatasi kuliko nyoka, aliwafuata na Fomu ya Dharura, ambayo inaruhusu kukiuka kanuni iwapo Mratibu ataweka saini.

"Mratibu ndiye huyu, Matroni," alisema Ndaki, akinifunga mpira mkononi kutafuta mshipa.

Matroni akaiangalia fomu, akaniangalia mimi. Specioza akamnyang'anya, akaigeuza, na upande usioandikwa akachora mistari kwa rula: saa, dripu, insulini, mkojo. Hiyo ndiyo iliyokuwa fomu yangu. Kabla ya saa sita walikuwa wamenimiminia dripu nne. Kila saa Ndaki alinichoma, kila saa Specioza alichemsha mkojo na kuandika rangi. Adhuhuri waliandika *tofali*. Baadaye *chungwa*. Katikati ya hayo saa nane iligonga, wakawa watu halali, na hakuna aliyekumbuka kuwapongeza.

Nilipata fahamu Jumatano asubuhi. Romana alikuwa ameketi karibu, macho yamevimba.

"Wanasema bado una mguu," aliniambia. "Nimeihesabu mwenyewe. Yote miwili."

Nililia. Siyo kwa namna inayoruhusiwa na cheo changu.

Ijumaa Dokta Eustace alirejea, matope hadi magotini, akakuta kanuni imevunjwa. Kamati ya Nidhamu ikaitwa: yeye mwenyekiti, Matroni Marsela mjumbe, mimi katibu. Kwa kuwa katibu hakuruhusiwa kushuka kitandani, kikao kilifanyika wodini, viti vikazunguka kitanda changu. Wagonjwa wenzangu walinyamaza ili wasikie vizuri. Ndaki na Specioza walikuwa wakiendelea na kazi, kwa sababu hakuna mwingine wa kuifanya.

"Tuhuma," alisoma Dokta Eustace, "ni kwamba wanafunzi wawili waliofeli walimgusa mgonjwa saa tatu asubuhi, kinyume cha Kanuni ya 14. Katibu, mgonjwa ana hali gani?"

"Yu hai, mwenyekiti."

"Iandikwe."

Nikaandika: *Kikao kilibaini kuwa mgonjwa yu hai kinyume cha taratibu.* Nikaisoma sentensi hiyo. Nimeandika kumbukumbu za vikao miaka ishirini na sijawahi kuisoma sentensi yangu baada ya kuiandika. Mzee mmoja wa kitanda cha pili akacheka mpaka akashikwa na kikohozi.

"Mwenyekiti," nikasema, "naomba kutoa ushahidi."

"Katibu hatoi ushahidi."

"Natoa kama mgonjwa. Hawa walinipima nikiwa najifanya naumwa, wakagundua naumwa. Niliogopa. Niliwafelisha kwa sababu walifaulu."

Matroni Marsela alijifuta uso kwa kona ya kitambaa. Dokta Eustace akageuza karatasi zake, na hapo ndipo alipouona mwongozo wa majibu, wenye saini yake chini ya vidonda vya tumbo. Aliutazama kwa muda mrefu. Masikini, ndiyo kwanza alikuwa anausoma.

"Suala hili ni zito," alisema mwishowe. "Napendekeza tuunde kamati ndogo, ipitie mwongozo, kisha ipeleke mapendekezo mkoani, halafu mkoa ukisharidhia..."

"Samahani." Specioza alikuwa amesimama nyuma ya kiti chake, trei mkononi, sindano imeshavutwa dawa. "Ni saa ya sindano ya kidonda. Naomba mtoke."

"Sista, kikao kinaendelea."

"Mgonjwa huyu anachomwa tako, Dokta. Mnatoka au mnamshika?"

Dokta Eustace alinitazama kuona kama Mratibu ana kanuni ya kumwokoa. Sikuwa nayo. Nilikuwa nalegeza kamba ya suruali.

"Na mwenyekiti pia?" aliuliza.

"Mwenyekiti kwanza. Kiti chake kimeziba njia."

Basi daktari pekee wa wilaya akainuka, akabeba kiti chake mwenyewe kifuani, akatoka nacho akikwepa ndoo, Matroni nyuma yake na karatasi zote. Ndaki aliwafungulia mlango kwa adabu.

"Saini kwanza," nikamwambia Specioza, nikamwonyesha karatasi ya matokeo ambayo Romana alikuwa ameniletea kutoka ofisini. Nilikuwa nimefuta *wamefeli*.

"Kwanza geuka," alisema.

Kumbukumbu rasmi zinaonyesha kwamba kikao kilifungwa na muuguzi wa zamu, saa sita kasoro robo. Mwandiko umepinda kidogo. Niliandika nikiwa nimelala kwa ubavu.