Natafuta Kifaa cha Kupooza Injini

Jumatatu, 4 Machi

Leo nimeruka. Macho yalikuwa yamefumbwa, lakini nimeruka. Nilikaa kwenye kiti cha mbele cha ndege yangu, hapa hapa sebuleni, feni ikinipuliza usoni. Nikachungulia chini. Mkeka ukawa mashamba. Kandambili zangu zikawa malori mawili yaliyoegeshwa kando ya njia. Nikapinda kushoto taratibu, nikalikwepa wingu, nikaanza kuiona bahari...

Mke wangu akanigonga begani. Bwana Unga yuko mlangoni.

Bwana Unga ni mwenye mashine ya kusaga. Mwezi uliopita nilimchorea bango. (Mimi ni mchora mabango. Mtaa huu hakuna mwenye mwandiko kama wangu.) Alitaka TUNASAGA NAFAKA ZAKO. Nikampa herufi za bluu zenye kivuli, kazi ya kutazamwa na watalii. Leo analalamika eti bango linasema TUNASAKA NAFAKA ZAKO, na wateja wakimwona wanaficha magunia. Herufi moja! Mtu anaacha kutazama kivuli kile, anachunguza herufi.

Anataka fidia. Injini ya mashine yake imekufa, naye ameitamani yangu, ile niliyoitoa kwenye gari bovu la marehemu baba kwa ajili ya ndege. Anasema injini haiwezi kukaa sebuleni kama mgeni. Nikasema itakaa. Mke wangu akakata shauri bila kuniuliza: Jumapili atateleka maharage, nami nitawasha injini uani. Ikinguruma mpaka maharage yaive, bila yenyewe kuchemka, ndege inabaki na Bwana Unga anachorewa bango jipya. Ikishindwa, anaondoka nayo kwenye mkokoteni.

Bila injini, ndege yangu ni kabati refu. Moyo unaniuma hata kuandika.

Jumanne, 5 Machi

Nimelitafakari tatizo. Injini ni nzuri ila ina homa. Ikinguruma kidogo tu, oili inashika moto, inakuwa nyepesi kama maji, vyuma vinaanza kulia. Dawa inajulikana: kipoza oili. Oili inapita ndani ya vijibomba, upepo unapita nje, oili inapoa, inarudi kazini. Kazi ni kukipata cha kuaminika. Barabarani gari likichemka unaegesha. Angani utaegesha wapi?

Nikiwa katikati ya fikra hizo akaingia shemeji, kaka wa mke wangu, bila kuitwa. Ni fundi friji. Anaamini baridi yote ya dunia hii ni mali yake. Akaanza somo. Nisithubutu kutumia mabomba ya friji, hayatastahimili. Nisichukue kipoza cha injini iliyojisaga ikafa, maana vumbi la chuma hubaki ndani likaja kuua na yangu. Nisikibane kwa chuma kikavu, mtikisiko utakipasua, niweke mpira. Nikifunge panapopigwa na upepo. Aliongea mpaka chai yangu ikapoa. Pengine na mafriji huyatengeneza kwa njia hiyo hiyo.

Nikamwambia akili ni nywele, kila mtu ana zake. Akautazama upara wangu.

Kisha, ili asiondoke mikono mitupu, akauliza mabawa yako wapi. Ni kweli, ndege haina mabawa bado. Nikamwambia kila jambo na wakati wake. Watu wasio na ndoto huanza na mabawa.

Alhamisi, 7 Machi

Nimepata wazo nikiwa nimelala chali chini ya injini, nikitazama tone la oili likijivuta, likijivuta, bila kudondoka. Kwa nini nihangaike mtaani nikiulizia spea kama mtu asiye na fani? Mimi ni mchora mabango!

Nimechora ubao, nikautundika kwenye njia ya maduka ya spea: NATAFUTA KIFAA IMARA CHA KUPOOZA INJINI. Herufi nyekundu, ukingo mweupe. Zile O mbili nimezichora kama mawingu mawili yanayofuatana. Moja peke yake ingekuwa pweke, mkono ulikataa kuiacha. Nilisimama nikazitazama mpaka zikaanza kusogea.

Watu walicheka sana. Mmoja alishika mbavu. Mwenye wivu ajinyonge.

Mke wangu naye alikuja kuuona. Akausoma. Akausoma tena. Akasema herufi ni nzuri mno.

Ijumaa, 8 Machi

Shemeji amerudi, na kipoza. Cha lori lililopinduka, anasema, lakini injini yake ilikuwa nzima, yenye afya. Amekisuuza kwa petroli mpaka petroli ikatoka safi. Amekizamisha kwenye beseni akakipuliza hewa, hakuna hata povu moja. Amekuja na mipira ya kufungia na mabomba yake.

Nitasema kweli kwa kuwa hapa nasoma peke yangu: ni kizuri. Mapezi yake, vile vibati vya kupitishia upepo, yamenyooka kama kurasa za kitabu kipya. Nilikitazama kwenye mwanga wa dirisha, nikaona upepo wa juu ukipita katikati yake, baridi, safi, ukinukia mvua.

Halafu nikamwona shemeji kwenye kila harusi ya ukoo, kila msiba, akiwaambia watu ndege ile inaruka kwa baridi yake. Nikamshukuru. Nikasema ni kizito. Akasema ni chepesi kuliko sufuria. Nikasema rangi yake haiendani.

Mke wangu amekitundika ukutani jikoni. Anakaushia vijiko kwenye mapezi.

Jumamosi, 9 Machi

Ushindi! Ubao umezaa matunda. Amekuja fundi wa ving'ora vya magari, na kifaa. Kijisanduku cheusi, kidogo kuliko kipande cha sabuni, chenye nyaya tatu na rimoti. Hakuna mabomba! Nikamuuliza oili inapita wapi. Akanikodolea macho, akasema oili haipiti popote, ni umeme tu. Nikatikisa kichwa kama mtu aliyekuwa akijua. Sayansi imefika mbali. Shemeji na beseni lake!

Akaeleza kwamba kitufe chekundu kinaipooza injini hapo hapo, cha kijani kinaiamsha. Akasema bila rimoti hata mwizi mwenye akili ataiacha. Mwizi sikumwelewa. Nadhani ni fumbo, mwizi ni joto. Fundi mwenye mafumbo ni fundi wa kweli. Nikamuuliza kama kinaaminika. Akaapa kwamba injini zote alizozifungia zilipoa kimya, hazikufurukuta.

Amemaliza kabla chai haijachemka. Nimelala kwenye kiti cha mbele mchana kutwa, nimepita milima miwili.

Jumapili, 10 Machi

Sijui nianzie wapi.

Maharage yalitelekwa. Bwana Unga alifika na mkokoteni wake, akakaa juu yake kama mtu anayesubiri zamu. Shemeji akaegemea mlango. Mke wangu alikuwa amekuja kukaa karibu na jiko, kanga mabegani, mwiko mkononi. Nikawasha.

Ilinguruma! Kuku wakakimbia, nguo kwenye kamba zikapepea upande mmoja, na mimi nikafumba macho. Uani pakawa uwanja. Nikaacha ardhi. Chini niliona paa letu, kisha mtaa mzima, na Bwana Unga mdogo kama punje ya mtama. Nilikuwa na furaha ambayo sijawahi kuwa nayo nikiwa nimesimama.

Shemeji akanipigia kelele nitazame geji ya joto. Mshale ulikuwa umepanda, umefika kwenye wekundu, na vyuma vimeanza kulia. Maharage yalikuwa bado kokoto. Sikubabaika. Nikatoa rimoti. Nikabonyeza chekundu.

Kimya.

Halafu, naapa, mshale ukaanza kushuka! Polepole, kwa heshima. Nikapiga vigelegele mwenyewe. Imepoa! Kifaa kimefanya kazi! Nikamrushia mke wangu rimoti aishike, nikacheza kuzunguka injini.

Bwana Unga akasema injini iliyozimika hata yake imepoa, tena tangu mwezi uliopita. Shemeji akauliza kifaa kiko wapi. Nikamwonyesha kijisanduku. Alicheka mpaka akakaa chini. Akasema kupoza si kupooza, na kwamba nimeifungia injini kitu cha kuzuia wezi. Nikamwambia hayo ni mambo ya lahaja.

Mapatano ni mapatano, akasema Bwana Unga, akasogeza mkokoteni. Ila kwanza aisikie ikiwaka, hawezi kubeba maiti. Nikawasha. Wapi! Nikawasha tena. Haikukohoa hata. Shemeji akasema bila kitufe cha kijani haitawaka mpaka kiama. Wote tukamgeukia mke wangu.

Akajipapasa. Akatazama chini. Akasema ajabu, alikuwa nayo sasa hivi. Labda imedumbukia kwenye maharage.

Bwana Unga alikoroga sufuria yote kwa mikono yake. Akatoa maharage, na maharage. Mwishowe akafuta jasho, akasema injini iliyopooza hasagi nayo hata pilipili, tukae nayo. Akaondoka na mkokoteni mtupu. Ulikuwa ukipiga kelele nzuri sana.

Nilitaka kulia, sijui kwa furaha au kwa huzuni. Ndege imebaki. Injini haiwaki. Mke wangu akanipakulia maharage magumu, akaniambia nitafune taratibu. Niliona kifundo kigumu kwenye pindo la kanga yake. Nikamuuliza ni nini. Akasema ni tangawizi.

Jumatatu, 11 Machi

Asubuhi tulivu. Mke wangu amepanda kiti cha nyuma na ungo wake, anachambua mchele. Hajawahi kupanda akiwa hajatumwa na shida. Akaniuliza tunaelekea wapi leo. Nikamwambia kusini, juu ya mawingu. Akaniuliza mawingu kwa juu yakoje. Nikamweleza: meupe, mengi, yamelala kimya kama pamba iliyoanikwa. Akaacha kuchambua. Tulikaa hivyo muda mrefu, feni ikizunguka, na nikahisi ameegemeza kichwa kwenye mgongo wa kiti changu.

Baadaye akasema kwamba vijiko anaweza kuvikaushia hata kwenye kikapu. Kile kipoza cha kaka yake hakina kazi pale ukutani. Nikifunge, halafu Bwana Unga akishapata injini kwingine, huenda na rimoti ikaonekana. Vitu hupotea, vitu huonekana.

Nikamwambia kwa upole kwamba hajui mambo ya ufundi. Kifaa kimethibitika mbele ya mashahidi. Mshale ulishuka, kila mtu aliuona. Injini haitachemka tena kamwe. Akacheka peke yake, akasema kweli, haitachemka.

Kwa hiyo suala la kupoza limekwisha, na sasa ni zamu ya mabawa. Nimeshachora ubao mpya, herufi za kijani, na nimeutundika pale pale kwenye maduka ya spea. NATAFUTA BAWABA MBILI NDEFU ZA NDEGE. Watu wameanza kucheka kabla sijashuka kwenye ngazi. Hata hivyo, fundi milango mmoja amenifuata mbio. Anasema anazo imara kabisa, hazina kutu, na akizifunga zitafunguka na kujifunga bila kelele.

Kujifunga bila kelele! Mabawa yanayokunjwa! Ndege itapita hata mlango wa sebule.