Hatua ya Tatu Nimeifuta

Jumatatu, 4 Machi

Bosi kaniita. Mwongozo wa kuweka mfumo mpya kwenye kompyuta kuukuu umepitwa na wakati, niuandike upya, kila mtu aweke mwenyewe kwenye mashine yake. Kazi ikienda vizuri, kiti cha mkuu wa kitengo ni changu. Ikiharibika, ni cha shemeji. Shemeji! Kaka wa mke wangu, niliyemwombea kazi hapa kwa mdomo wangu mwenyewe!

Nimepata ujanja. Mashine hizi za zamani, usipoziamuru kwanza ziwake kwa flashi yenye mfumo mpya, zinawaka na mfumo uleule wa siku zote. Hiyo iko kwenye hatua ya tatu. Nimeifuta. Watakwama, watakuja kunipigia magoti. Nitajitia niko bize.

Jumanne, 5 Machi

Nimevaa tai. Hakuja mtu.

Nikaenda kuchungulia kwa mhasibu. Kachomeka flashi, kawasha, kaona yaleyale ya jana, kachomoa. Anasema hajawahi kuona mwongozo mwepesi hivi, na faili zake zote zipo palepale! Zitatoweka vipi wakati hakuna kilichowekwa? Nimemwambia asante.

Jumatano, 6 Machi

Ofisi nzima "imemaliza". Bosi kanisifu mbele ya watu. Kasema ameshawaarifu makao makuu, wakaguzi wanakuja Ijumaa. Shemeji kanipigia makofi. Nyumbani chakula nimekiacha. Mke wangu kauliza naumwa nini, nikamjibu ni uchovu wa mafanikio.

Alhamisi, 7 Machi

Watu walipotoka kula, nikaanza kurekebisha kimyakimya. Kwanza ya mhasibu. Mwongozo wangu mapajani, nafuata neno kwa neno, ile ya kuwasha kwa flashi naikumbuka kichwani. Mfumo mpya umeingia vizuri sana. Hesabu za mwaka mzima zimefutika vizuri sana. Kumbe kuhifadhi faili pembeni nako kulikuwa kwenye hatua ya tatu!

Mhasibu kalia. Mimi nilikuwa nimeshaanza. Nimekwisha.

Ijumaa, 8 Machi

Wakaguzi wamekuta mfumo wa zamani kila mahali, isipokuwa mashine moja, nayo tupu. Kiti kapewa shemeji.

Shemeji kanifariji, eti sisi bado ndugu. Kisha kaomba nimwandikie mwongozo wa kazi zote za kitengo, asije akahangaika. Nyumbani mke wangu anaimba, kaka yake kapanda cheo. Mimi sina hamu hata ya maji.

Nimejifungia chumbani, naandika. Sasa nimeelewa nilipokosea. Hatua hazipunguzwi, zinaongezwa. Niko ya tisini, na kwenye mwongozo shemeji bado hajawasha kompyuta.