Msuli wa Koo la Mzee Zebedayo

Jumatatu, 3 Julai 1911

Naanza daftari hili leo. Naandika kwa Kiswahili nilichojifunza shule ya serikali, kwa sababu mke wangu Naomi anasoma Kinyakyusa tu, tena anasoma kila anachokiona.

Mimi ni Angetile, mtumishi wa nyumba ya dawa hapa Lyulilo, karibu na ziwa. Kazi yangu kuosha chupa. Huu ni mwezi wangu wa kumi hapa. Yotamu alikuja baada yangu, naye tayari anashika kioo cha kumulikia Daktari anapochungulia vinywa vya wagonjwa. Mimi chupa, yeye kioo! Navumilia.

Leo Daktari katuonyesha picha ya koo katika kitabu chake kikubwa. Akasema chini ya kila sikio, ndani kabisa, kuna mfupa mwembamba kama mwiba. Kwenye mwiba huo umening'inia msuli mwembamba, mfano wa ukamba wa mgomba, unashuka hadi kuingia katika ukuta wa koo. Uko mmoja kulia, mmoja kushoto. Ukimeza, misuli hiyo miwili inavuta koo juu na kulipanua, tonge lipite. Wakati huohuo njia ya pumzi inajifunga, chakula kisipotee njia. Yote hayo kufumba na kufumbua!

Akatuuliza jina la msuli. Ni jina refu la Kizungu. Yotamu hakulikumbuka. Mimi pia sikulikumbuka, lakini nilikaa kimya kwa namna ya mtu anayelijua. Nimeupa jina langu mwenyewe: Mnyanyuzi.

Kisha habari kubwa. Daktari anakwenda Ipyana kesho. Akirudi Jumamosi atachagua msaidizi mmoja wa kudumu, atakayevaa koti jeupe. Kati ya Yotamu na mimi! Nimeamua. Kabla ya Jumamosi nitaponya koo la mtu mmoja. Koo lolote.

Jumanne, 4 Julai

Daktari kaondoka asubuhi na wapagazi wake. Maagizo: tusiguse vyombo vyake. Mgonjwa mwepesi asubiri, akija mgonjwa mzito, mtu atumwe Ipyana kumwita yeye. Aliponiangalia mimi, alirudia mara mbili.

Nimeanza mazoezi. Mganga wa koo lazima alijue lake kwanza. Nikakaa nyuma ya nyumba, mkono shingoni, nikameza mate. Kweli koo linapanda! Nikameza tena. Tena. Mara ya saba, hakuna kitu. Nikajaribu kwa nguvu zote, macho yakanitoka. Koo halisogei. Mnyanyuzi umekufa!

Nilikaa pale nikiwaza Naomi ataolewa na nani. Nikamwona waziwazi akiolewa na Yotamu. Yotamu mwenyewe akatokea, akauliza nina nini. Nikamwonyesha koo kwa kidole. Akaleta kikombe cha maji. Nikanywa, msuli ukafufuka palepale. Yotamu akasema mdomo ulikauka tu, mtu hawezi kumeza pasipo na cha kumeza. Nikamwambia nilikuwa najua, nilikuwa namjaribu yeye.

Naomi kauliza jioni mbona nakula nimejishika shingo. Nikamweleza elimu yote. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kuni zimekwisha.

Jumatano, 5 Julai

Siku ya soko. Mitumbwi imejaa vyungu na samaki. Mahali pazuri pa kupata koo bovu, maana mbasa wa hapa ana miiba kuliko nyama.

Nilisimama karibu na vyungu vya Tulinagwe. Huyu ni mfinyanzi, mama mtu mzima, Mkisi wa hapahapa. Watu wakikwamwa na mwiba wa samaki humwendea yeye tangu zamani, kabla Daktari hajajenga. Hatumii dawa. Anaangalia, anaingiza vidole viwili, basi. Mshindani wangu wa pili, naye hajui hata kama tunashindana.

Nikawahubiria watu habari za Mnyanyuzi. Tulinagwe akaacha kupanga vyungu.

"Kila mtu ana mwiba chini ya sikio?" akauliza.

Nikasema kila mtu, hata yeye.

"Na wewe umeuona?"

Nikasema kwenye picha.

"Basi usiwashike watu masikio, baba. Subiri uone."

Ushauri mzuri, lakini ulichelewa. Nilikuwa nimeshamshika mnunuzi mmoja chini ya taya ili niwaonyeshe watu mahali penyewe. Akaruka kama aliyechomwa na moto, akakanyaga chungu kikubwa. Vipande! Tulinagwe hakupiga kelele. Alinionyesha tu udongo wa kufinyangia uliokuwa kwenye mtumbwi, mizigo sita, na njia ya kwenda kwake, yenye mlima. Nimebeba yote. Mgongo unauma sana. Katika kitabu cha Daktari bila shaka iko picha ya mgongo pia, lakini leo sikuitaka.

Alhamisi, 6 Julai

Leo nitaandika kwa utaratibu.

Mchana aliletwa Mzee Zebedayo, mzee wa kanisa, akishikwa mkono na mkewe Felista. Alikuwa anakula mbasa huku akimgombeza mtu. Mwiba umekwama. Anaweza kupumua, sauti imebaki nyembamba, kila akimeza anafumba macho kwa maumivu. Moyo wangu uliruka kwa furaha. Naandika hivyo kwa kuwa hakuna atakayesoma.

Yotamu akasema agizo liko wazi, mtu aende Ipyana. Nikasema aende yeye basi, kama miguu inamwasha. Akaenda kweli! Alifunga nguo kiunoni, akaondoka mbio. Mwendo wa siku nzima, ule. Nikabaki peke yangu na koo. Ndivyo nilivyotaka.

Hoja yangu ilikuwa hii. Mnyanyuzi unanyanyua koo na kulipanua. Tonge likiwa kubwa, utanyanyua zaidi. Koo likipanuka sana, mwiba utaachia. Nani angepinga? Nikamwomba Felista ndizi iliyopikwa, nikafinyanga tonge la ukubwa wa yai la bata. Nikamwambia Mzee alimeze zima.

"Zima?" akauliza Felista.

"Zima, mama. Ni elimu."

Mzee akameza. Macho yakawa mekundu. Akakohoa, tonge likapita baada ya kumtesa sana, mwiba haukupita. Uliingia ndani zaidi. Sasa hata mate hayamezeki, yanamtiririka kidevuni.

Nikajaribu hoja ya pili. Msuli umening'inia chini ya sikio, basi sikio likivutwa juu, msuli utavutika nalo. Nikasimama nyuma yake nikamvuta masikio yote mawili. Mzee hana sauti, lakini fimbo anayo. Alinipiga nayo magotini bila hata kugeuka.

Saa ikapita. Akaanza kulegea. Felista alikuwa akimfuta mate kwa kanga yake, akikunja upande uliolowa, akitafuta mkavu, na upande mkavu ukazidi kuwa mdogo. Hakunitukana. Aliniangalia mara moja tu akasema, "Angetile, huyu aliniposa mwenyewe kwa wazazi wangu. Alikwenda mara nne wakimkatalia. Nina yeye tu."

Hapo ndipo nilipoogopa. Nimeogopa mambo mengi maishani, mamba, Daktari, mama mkwe wangu. Hii ilikuwa hofu nyingine. Nilitoka nje nikakimbia, na Felista nadhani aliamini nimetoroka. Nilikwenda kwa Tulinagwe. Sikumsalimu. Nikasema nimemharibu Mzee Zebedayo, twende.

Alinawa udongo mikononi, akaja. Hakuharakisha, hakuchelewa. Akamkalisha Mzee mlangoni penye jua, ameinama mbele kidogo ili mate yatoke nje yasimpalie. Akasema asipewe kitu tena, si ndizi, si maji. Akaomba kijiko cha kukandamiza ulimi. Akaniambia nishike kioo.

Kioo! Miezi kumi nakisubiri, na sasa sikutaka kukishika. Nikanasa jua, nikalipeleka kinywani. Mkono ukatetemeka, mwanga ukacheza usoni kwa Mzee.

"Tulia," akasema Tulinagwe. "Shikilia mkono wako kwa mkono wako."

Nikafanya hivyo. Akakandamiza ulimi. Hakuona kitu. Akasukuma kijiko nyuma zaidi, Mzee akataka kutapika, na hapo nikaona. Ukuta wa koo ulipanda! Kulia na kushoto, kama pazia linalovutwa na kamba mbili. Na upande wa kushoto, kutoka chini, kikapanda nao kitu cheupe. Kisha koo likashuka, kikapotea.

"Unapanda nalo!" nikasema. "Mama, mwiba unapanda koo likipanda! Mfanye atake kutapika tena!"

Tulinagwe akaniangalia kidogo. Vidole visingefika, akasema. Akauliza kama hakuna kitu kirefu. Nikamletea koleo ndefu ya Daktari, ile tusiyoruhusiwa hata kuifuta vumbi. Nikaichemsha kwanza, hilo nalijua, nimechemsha chupa za kutosha. Akakandamiza ulimi. Koo likapanda. Mwiba ukapanda. Akaubana, akavuta.

Mrefu kama kucha ya kidole gumba! Na damu kidogo. Mzee akameza mate. Akameza tena. Akalia, na Felista akalia, akamshika Tulinagwe mikono miwili akimshukuru, "Ndaga fijo, ndaga fijo." Mimi nilikaa chini sakafuni. Bado nilikuwa namulika, ila sasa namulika dari.

Ijumaa, 7 Julai

Mzee Zebedayo kanywa uji asubuhi. Wa baridi, kidogokidogo. Mungu ni mwema.

Kijiji kizima kinamsifu Tulinagwe. Kwa haki. Ila asubuhi nilipokuwa nachota maji nilieleza watu watatu kwamba mwanga ulikuwa wangu. Kufika mchana niliwaeleza wengine kwamba yeye alishika tu koleo nilipomwambia. Jioni nilijisikia nikisema kwamba mama yule alikuwa amenisaidia vizuri. Naomi alikuwa nyuma yangu na mtungi. Chakula cha jioni kilikuwa mbasa, kipande chenye miiba mingi kuliko vyote.

Daktari kafika jua likizama, amekatisha safari. Yotamu nyuma yake, miguu imevimba kama maboga. Walipomkuta Mzee amekaa nje anamgombeza mtu, Yotamu alicheka mpaka akakaa chini. Hakunikasirikia. Jambo hilo limeniudhi sana.

Jumamosi, 8 Julai

Asubuhi Daktari katuita sote, pamoja na Mzee Zebedayo, Tulinagwe na wake zetu. Nilikuwa nimetayarisha maelezo mafupi, yenye neno "sisi" mahali pengi. Nilipofungua mdomo Mzee Zebedayo akasema sauti yake imerudi na ataitumia. Akaeleza tonge. Akaeleza masikio. Akamwonyesha Daktari kwa vidole ukubwa wa yai la bata, na kwa kweli aliongeza.

Daktari hakufoka. Alisema taratibu, na ndiyo mbaya zaidi. Msuli ule hauna akili. Unanyanyua koo na chochote kilichomo. Mtu akishaanza kumeza hawezi kuuambia ngoja. Ukimpa tonge mtu mwenye mwiba, tonge linausukuma ndani, pengine utoboe umio, na hapo hakuna kioo wala koleo. Mzee angekufa mikononi mwangu wiki hiihii. Nikaangalia miguu yangu.

Tulinagwe akasema, bila kuulizwa, kwamba aliyeuona mwiba ukipanda ni Angetile. Kwamba yeye peke yake asingejua wakati wa kubana. Sikutegemea. Ilinibidi nipenge kamasi.

Koti jeupe kapewa Yotamu. Linamfika magotini. Tulinagwe kaombwa aitwe kila mtu akikwamwa na mwiba, naye kakubali, ila siku za soko wamfuate kwenye vyungu. Mimi chupa. Daktari akaniuliza mbele ya wote nimejifunza nini.

Nikasema nimejifunza kusubiri, na kutogusa mwili wa mtu kwa jambo nisilolijua. Nilisema kwa moyo wote. Felista akanipa mkono. Hata Naomi aliniangalia vizuri.

Jumapili, 9 Julai

Ibada nzuri, imetulia. Mzee Zebedayo kaongoza sala, akawaombea wale wavutao watu masikio. Nikaitikia amina kwa sauti kuliko wote.

Baada ya ibada nimekutana na Lameck, mpiga kengele wa kanisa. Ana kwikwi ya siku tatu! Kengele leo ililia mara kumi na tisa kwa sababu hiyo. Anakusudia kwenda kwa Daktari kesho asubuhi.

Nimemwambia hakuna haja ya kumsumbua Daktari. Kwikwi ni msuli tu, mpana kama ungo, uko chini ya mapafu, unashtuka bure. Nimeona picha yake kwa mbali, Daktari alipokuwa anafunua kurasa. Kitu chenye mshtuko hutulizwa kwa mshtuko mkubwa zaidi, hiyo ni hoja ambayo mtu yeyote anaielewa.

Lameck kakubali. Kesho alfajiri, kwenye mnazi ulioinamia maji. Kamba ya kumfunga miguu na kumning'iniza kichwa chini nimeshaipata. Nimemwomba aje na tumbo tupu.