Malkia Amegoma Kunitii

Jumatatu, 9 Juni 2025

Nimesalitiwa na malkia! Kila jioni, kwenye banda langu la video hapa Kibaoni, naonyesha tamthilia ya malkia wa enzi za kale kutoka nchi za mbali, nami nashika maiki na kuitafsiri. Lugha yenyewe siijui. Hakuna anayeijua. Naangalia midomo, natunga maneno, watu wanalia, wanalipa, wanarudi. Kipaji!

Sasa leo Nyanzala, muuza mchele, katangaza kugombea uenyekiti wa soko. Dhidi yangu mimi, Mbaruku! Kiti ninachokitamani tangu ndevu zianze kuota. Kaulizwa mwanamke ataweza vipi. Kajibu, mbele ya mashine ya kukoboa mpunga, kwamba mkituweka jikoni kumbukeni kisu nacho kiko jikoni. Wanawake wakapiga vigelegele. Wakasema malkia ndivyo alivyonena.

Malkia kanena lini? Ni mimi! Nilimtungia wiki iliyopita kwa kunogewa na makofi. Haya. Kuanzia kesho malkia atakuwa na adabu, na wanawake wa soko watajifunza kwake.

Jumanne, 10 Juni

Malkia kachomoa upanga. Sikubabaika. Nikasema anampelekea mchumba wake amchinjie kuku, maana mwanamke wa kale hakuchinja mwenyewe. Bahati mbaya akamchoma jemadari tumboni. Nikasema jemadari kaanguka kwa njaa, kuku kachelewa. Gaudensia wa dagaa akauliza, na ile damu? Ya kuku, nikasema. Akauliza kuku mwenyewe yuko wapi. Kuna watu hawajui kabisa kuangalia picha!

Nikawaeleza kwamba wanawake wa zamani walikuwa wapole, wakiangalia chini na kungoja kuambiwa. Gaudensia akauliza kama nilikuwepo.

Jumatano, 11 Juni

Mawaziri ukumbi mzima wamempigia malkia magoti. Nikasema kadondosha hereni, wanamtafutia. Waliitafuta muda mrefu mno. Halafu malkia akahutubia, mkono juu, mishipa ya shingo imemtoka. Nikatafsiri: ndiyo, bwana. Mke wangu Zaitun, anayeuza karanga mlangoni, akaniuliza kwa upole mbona siku hizi malkia anasema mengi na mimi natoa machache. Nikamjibu kwamba kwa lugha ile "ndiyo" ni neno refu.

Machibya, mfugaji, rafiki yangu na nguzo ya kampeni yangu, kanuna. Kasema yeye alikuja kuona vita, siyo watu wazima wanatafuta hereni. Anataka arudishiwe kiingilio. Wanaume nao! Hao hao ninaowapigania!

Alhamisi, 12 Juni

Akili imenijia nikipiga mswaki. Nimemwalika Nyanzala bandani, kiti cha mbele, soda juu yangu. Leo malkia anaolewa! Mchana nilichungulia mwanzo wa sehemu hii: kavaa nguo nyeupe, kainamisha kichwa, anatembea nyuma ya wanaume. Nyanzala aone mwenyewe wanawake wakaidi wanavyoishia.

Baadaye. Aibu! Ile nguo nyeupe ilikuwa ya msiba. Wale wanaume walikuwa wamebeba jeneza, na ndani yake mtoto wa malkia. Nami nilikuwa nimeshapiga vigelegele kwenye maiki.

Nyanzala akainuka, akaichukua maiki mkononi mwangu bila kuniomba. Akatafsiri taratibu, kwa lafudhi yake ya Kisukuma. Malkia akamwambia mwanawe kwamba watu walimwona mama yake kwenye kiti cha enzi, hakuna aliyeuliza alikuwa anakitunza kwa ajili ya nani. Machibya akalia waziwazi. Mimi pia nililia, kusema kweli, mpaka nikasahau kuzima jenereta. Sijui ile lugha Nyanzala kajifunzia wapi. Zaitun kaniambia kwamba Nyanzala alimzika binti yake mwaka juzi, na sisi tulikuwepo makaburini.

Jumamosi, 14 Juni

Uchaguzi. Hapa sokoni hatuna karatasi za kura. Unasimama nyuma ya unayemtaka, basi. Utaratibu mbaya kabisa, maana mtu ukigeuka unaona kila kitu. Mstari wa Nyanzala ulizunguka mashine ya kukoboa ukafika kwenye mitumba. Wa kwanza kabisa nyuma yake, Zaitun! Mke wa ndoa! Nikamwuliza kwa macho. Akanipungia mkono.

Nyuma yangu alikuwepo Machibya peke yake. Nikataka kumkumbatia. Akasema samahani sana, kasimama pale kwa ajili ya kivuli cha mwavuli wangu. Jua liliposogea, naye akasogea. Akaenda kwenye mitumba.

Kiti kimekwenda. Na si hicho tu. Wanawake wamesema hawaingii tena bandani mpaka maiki aishike Zaitun, na wanaume wakasema hata wao. Zaitun kakubali kabla sijafungua mdomo. Mimi nitauza karanga. Imeniuma sana.

Jumapili, 15 Juni

Karanga haziendi. Lakini Mungu hamtupi mja wake! Nimeletewa flashi mpya kutoka Mpanda mjini. Tamthilia nyingine ya kale, na safari hii anatawala mfalme. Mwanamume! Ndevu mpaka kifuani, panga mbili mgongoni. Nimeshapita soko zima nikitangaza: njooni mwone mwanamume anavyotawala, mjue mlichokikosa jana. Zaitun kaniachia maiki kwa siku moja, kwa huruma. Hata Nyanzala kasema atakuja. Uchaguzi ujao ni wangu.

Nimechungulia sehemu ya kwanza. Mfalme kaingia chumbani, kafunga mlango, kabandua ndevu, kafungua kilemba, nywele zikamwagika mpaka kiunoni. Halafu kachukua mtoto kitandani, akaanza kumnyonyesha.

Hakuna tatizo. Nitasema enzi hizo wanaume tulijua kazi zote.